Kuvua chini, kulala juu: mwongozo wa kupanga ardhi ya kijiji cha pwani Mombasa dhidi ya tsunami

Tarehe 26 Desemba 2004, saa kumi kasoro alfajiri kwa saa za kwetu, ardhi ilitikisika chini ya bahari karibu na kisiwa cha Sumatra kwa kipimo cha 9.1. Mombasa hakuna aliyehisi kitu. Mawimbi yaliivuka Bahari ya Hindi na kufika pwani yetu baada ya saa 9 hivi, mchana wa Jumapili, siku ya pili ya Krismasi, fuo zikiwa zimejaa watu. Somalia walikufa takriban watu 300, wengi wao upande wa Hafun. Tanzania walikufa 10 na zaidi. Kenya alikufa mtu mmoja, Watamu.

Umbali ulitusaidia, na mwamba wa matumbawe ulio mbele ya pwani ulitusaidia. Bahari haikuwa imejaa maji ya bamvua saa ile, yaani yale makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, nao polisi na maafisa wa serikali waliwahi kuwatoa watu fuoni. Lakini saa ya maji na mwanga wa mchana vilikuwa bahati ya siku hiyo tu. Lau mawimbi yale yangefika saa nane za usiku, bahari imejaa, watoto wamelala, hesabu ingekuwa nyingine. Na mwamba wetu haukushikana mwanzo hadi mwisho: una milango Kilindini, Tudor na Mtwapa, palepale tulipojenga kwa wingi.

Anayedhani haya ni mambo ya Asia na aitazame Pangani ya Tanzania, mwambao huu huu kwa upande wa kusini. Watafiti waliochimba pale walikuta mifupa ya watu ndani ya tabaka la mchanga uliotupwa nchi kavu na tsunami yapata miaka 1,000 iliyopita, kwenye makazi ya Waswahili wa zama hizo. Matokeo yao yalichapishwa 2020. Tena Sumatra si chanzo pekee. Pwani ya Makran, kule Pakistan na Iran, ilizaa tsunami tarehe 28 Novemba 1945, na kutoka huko safari ya mawimbi kuja kwetu ni fupi zaidi.

Mwongozo huu ni wa kamati za vijiji na mitaa iliyo kando ya maji: Timbwani, Mtongwe, Mkomani, Bamburi, Shanzu, na pia Junda, Mikindani na Jomvu Kuu, ambako maji huingia kwa hori, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, na wakazi hawaioni bahari kuu. Ninachowaomba mkishike ni kimoja. Anzeni na mahali watu wanapolala na njia wanayotokea. Mikoko, kuta, ving'ora na vibao vina nafasi yake, ila mama mwenye watoto watatu anayelala mita 30 kutoka majini, nyuma ya ukuta usio na mlango, hataokolewa na kibao.

Hatua ya 1: Waiteni wanaolala pale, na waandikieni ahadi

Mombasa ina jambo ambalo vitabu vya mipango kutoka nje havilijui: nyumba bila ardhi. Likoni, Kisauni na Majengo, maelfu ya watu wanamiliki nyumba zao, kuta na paa, huku udongo ulio chini ni wa mtu mwingine wanayemlipa kodi ya ardhi. Mtu wa namna hiyo akisikia neno "mpango" anasikia tingatinga. Ana haki ya kuogopa, na mkimpuuza hatakuja mkutanoni, wala hatasema ukweli kuhusu nani analala wapi.

Kwa hiyo mkutano wa kwanza uandike katika kumbukumbu zake, kabla ya lolote: mpango huu hautatumika kumwondoa mtu kwenye nyumba iliyopo. Masharti yatahusu majengo mapya, na nyumba ya zamani siku itakapojengwa upya. Atakayekubali kuhama kwa hiari atapewa mahali palipo juu kwanza, ndipo avunje. Someni yaliyotokea Sri Lanka baada ya 2004. Serikali ilipiga marufuku ujenzi ndani ya mita 100 kutoka baharini upande wa kusini na magharibi, na mita 200 kaskazini na mashariki. Wavuvi walipelekwa mbali na vyombo vyao, huku wakiona hoteli zikipata nafasi kwenye fuo zile zile. Manung'uniko yalikuwa makubwa, na masharti yakaja kulegezwa. Ufuo ulioondolewa wavuvi kwa jina la usalama huwa na mnunuzi anayesubiri.

Wanaotakiwa kukaa kwenye kamati ni manahodha na kamati ya usimamizi wa ufuo, mama karanga (wanawake wanaokaanga na kuuza samaki), wachokoaji pweza, imamu na mchungaji, mwalimu mkuu, fundi wa ujenzi, dereva wa tuktuk, mzee wa mtaa, na angalau mtu mmoja asiyeweza kutembea au kuona vizuri. Wakaribisheni pia walinzi wa hoteli na nyumba za kifahari za jirani, maana wao ndio wanaoshika funguo. Mkutano uwe siku za maji mafu, bahari isipojaa wala kupwa sana, kwa sababu wakati wa bamvua wachokoaji wako mwambani.

Hatua ya 2: Pimeni kimo kwa mpira wa fundi

Msitegemee kimo kinachoonyeshwa na simu. Kinaweza kukosea kwa mita kadhaa, na kwenye ardhi tambarare kama ya Bamburi mita hizo ndizo mnazozitafuta. Isitoshe, ramani nyingi huhesabu kuanzia usawa wa wastani wa bahari, na maji ya bamvua Mombasa hupanda karibu mita 2 juu ya usawa huo. Tsunami ikija maji yamejaa, inaanzia pale.

Tumieni mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, ule ambao mafundi husawazishia msingi. Mita 20 zinatosha. Tafuteni na fito mbili zilizopimwa kwa sentimita. Kazi inaanza siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu, na ikiwezekana Machi, Aprili, Septemba au Oktoba, miezi ambayo bamvua huwa kubwa kuliko kawaida. Asubuhi nendeni mkatafute mstari wa takataka, majani ya bahari na vifuu ambao maji yameuacha juu kabisa ya ufuo. Hapo ndipo sifuri yenu.

Kutoka sifuri pandeni kuelekea bara. Mtu mmoja asimame kwenye alama na ncha moja ya mpira, mwingine asonge mbele na ncha ya pili. Tofauti ya maji kwenye fito mbili ndiyo kimo mlichopanda. Kila mkipanda mita 1 pigeni alama ya rangi kwenye mnazi, nguzo ya stima au ukuta wa msikiti, kisha endeleeni. Vijana watatu na fundi mmoja wanaweza kumaliza njia moja kwa asubuhi moja. Rudieni kwa kila njia ya kutoka ufuoni, na kwa vijiji vya hori, kwa kila njia ya kutoka ukingoni.

Kwa rasimu ya kwanza napendekeza mistari miwili, wa mita 5 na wa mita 10 juu ya alama ya bamvua. Ni mistari ya kuanzia kazi. Andikeni barua kwa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, ambayo ndiyo inayoshughulikia tahadhari za tsunami nchini, na kwa KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari iliyo Mkomani, muwaombe waitazame kazi yenu na kuwashauri kama mistari ipande au ishuke. Barua inayokwenda na vipimo vilivyokwisha kupigwa hupata jibu la maana kuliko inayoomba "msaada wa tsunami".

Halafu choreni ramani kubwa kwenye karatasi za manila. Kila nyumba iandikwe idadi ya wanaolala usiku, na kando yake alama kwa mtoto mchanga, mzee asiyeweza kupanda ngazi, mja mzito na mwenye ulemavu. Hesabu ya mchana ichorwe kwenye karatasi nyingine, kwa sababu mchana diko, pale wavuvi wanaposhusha samaki, limejaa watu na vitanda ni vitupu, na usiku ni kinyume chake. Nimeona kamati zikichora ramani nzuri sana za majengo bila kuandika mtu hata mmoja. Ramani ya namna hiyo ni ya mwenye ploti. Haimsaidii anayelala humo.

Angalizo moja kuhusu Bamburi na kandokando yake. Mashimo ya zamani ya kuchimbia mawe yako mbali kidogo na ufuo, na kwa mgeni yanaonekana kuwa mahali pa kujisitiri. Hayo ni ardhi ya chini. Yawekwe kwenye ramani kama mahali pa kutokwenda. Watu wa huko waelekezwe upande wa Nguu Tatu, kwenye vilima.

Hatua ya 3: Okoeni njia

Hapa tumieni muda wenu mwingi. Nina hakika kwamba kwa fuo za Mombasa hakuna kazi yenye faida kubwa kuliko hii.

Katiba ya 2010, ibara ya 62, inasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Basi ufuo ni wetu sote. Ila njia ya kuteremkia ufuoni haikutajwa hapo, na ndiyo inayopotea. Ukuta unajengwa huku, mwingine kule, kichochoro kilichokuwa na upana wa gari kinabaki cha mtu mmoja, kisha siku moja kinawekewa geti. Watu wamelizoea jambo hili kama dhuluma ya mapumziko, kwamba tumenyimwa pwani yetu. Litazameni kutoka upande wa pili. Kichochoro cha kuteremkia ndicho cha kupandia, na mbele ya ukuta mrefu usio na mlango, watu mia waliokuwa wakiogelea hawana pa kukimbilia.

Fanyeni hivi. Orodhesheni kila njia, jina lake linalotumiwa na wenyeji, upana wake mahali pembamba kabisa, na kilichoiziba kama kipo. Ulizeni wazee njia zilizokuwapo zamani na sasa hazipo. Kwenye ofisi ya ardhi ombeni ramani ya upimaji ya eneo lenu, maana njia nyingi zilizozibwa bado zimechorwa humo. Kanuni za upimaji ardhi nazo zinataja ukanda wa mita 60 juu ya alama ya maji kujaa, unaopaswa kwa kawaida kubakishwa pale ardhi ya serikali ya kando ya bahari inapopimwa ili igawiwe. Viwanja vingi vya Mombasa vina hati za tangu enzi za ukoloni na vinateremka hadi mchangani, hivyo kanuni hiyo haitawafaa kila mahali. Pale inapofaa, ishikeni.

Baadaye tembeeni mkipima muda kwa saa. Mchukueni bibi wa miaka 70 na mjukuu wake, watembee kutoka ufuoni hadi alama ya mita 10, usiku, kwa mwendo wao wenyewe. Mtu mzima mwenye nguvu huenda mita 60 na zaidi kwa dakika. Bibi huyo huenda kama mita 30. Njia ya mita 600 ni dakika 20 kwake. Kukiwa na onyo la saa kadhaa hizo si nyingi. Tatizo ni kwamba maporomoko ya ardhi chini ya bahari karibu na pwani yanaweza kuzaa mawimbi bila muda wa kutangaza, na kwa hali hiyo kila dakika mnayopunguza kwa kufungua njia ya mkato ni ya bibi huyo.

Ndani ya mpango andikeni upana mnaoutaka. Mimi husema mita 6 kwa njia kuu na mita 3 kwa vichochoro, ili mkokoteni wenye mgonjwa upite na watu wapishane nao. Njia ielekee juu moja kwa moja, isizungukezunguke sambamba na ufuo. Pawe na taa za sola, au angalau chokaa nyeupe kwenye mawe ya kando. Watu watembee kwa miguu. Gari moja lililokwama kwenye kichochoro cha Timbwani linatosha kuwafungia wote walio nyuma yake.

Kwa ukuta ambao hauwezi kuvunjwa, ombeni malango mawili kwa mwenye mali, moja upande wa bahari na moja upande wa bara, yenye komeo la ndani na nje badala ya kufuli. Makubaliano yaandikwe na kushuhudiwa na chifu, na kila mlinzi wa zamu ayajue, wa usiku zaidi ya wa mchana. Pale ambapo ardhi ya juu iko mbali mno, hoteli au shule ya ghorofa iliyojengwa kwa zege imara inaweza kuwa kimbilio, kuanzia ghorofa ya tatu kwenda juu, mradi mhandisi aikague na ngazi za nje ziwe wazi kwa mtu yeyote. Mlinzi anayemzuia mvuvi getini kwa sababu ya nguo zake, siku ya msiba, atakuwa amefanya kosa lisilorekebishika. Hilo lijadiliwe waziwazi na wenye hoteli leo.

Msipange kuvuka maji. Mtu wa Likoni asipange kivuko, wa Nyali asipange daraja, na wa kisiwani asipange kutoka kisiwani: katikati ya kisiwa kumeinuka juu ya matumbawe ya kale, hapo ndipo akimbilie. Kila kijiji kipande upande wake kilipo.

Jambo la mwisho kuhusu njia, na ndilo linalosahauliwa zaidi. Shamba kubwa la kando ya bahari linapokatwa ploti, siku hiyo ndiyo ya kupata njia. Fuatilieni matangazo ya maombi ya kugawanya ardhi, pelekeni pingamizi kwa maandishi kama mchoro hauna njia ya kwenda juu. Baada ya ploti kuuzwa na kuta kupanda, mnabaki na kesi.

Hatua ya 4: Gaweni ardhi kwa kuuliza nani atalala hapo

Chini ya mstari wa mita 5 iwe ardhi ya kazi na ya kupumzikia: diko, mabanda ya samaki, majiko ya mama karanga, vyombo, karakana za mafundi wa mashua, minazi, uwanja wa mpira, soko la mchana. Mvuvi asitenganishwe na chombo chake. Zuieni vitu vitatu: nyumba mpya za kulala, shule za chekechea na zahanati, na maghala ya mafuta na gesi. Chuo cha Qur'ani cha bweni nacho kihesabiwe kuwa nyumba ya kulala.

Kati ya mita 5 na 10 nyumba ziruhusiwe kwa sharti: chini pawe duka, stoo au nguzo tupu, na vyumba vya kulala vianze ghorofa ya kwanza. Huu si ugeni kwetu. Nyumba za Mji wa Kale zina maduka chini na familia juu. Mwenye nyumba isiyo na ghorofa asiye na uwezo wa kupandisha asilazimishwe. Asaidiwe njia fupi na jirani mwenye ghorofa aliyekubali kumpokea, majina yao wote wawili yakiwa kwenye orodha.

Juu ya mita 10 pelekeni kila kitu mtakachokihitaji siku ya pili: shule, zahanati, matangi ya maji, kituo cha polisi, ghala la chakula, na angalau kisima kimoja kilichofunikwa. Visima vya karibu na ufuo vikiingiwa na maji ya bahari huharibika, na kijiji kinaweza kuokoka mawimbi kikaanza kuugua kwa maji. Kama kuna ardhi ya umma iliyo wazi huko juu, hata nusu eka, ipigieni kelele isigawiwe. Watu mia tano watahitaji pa kukaa usiku mzima.

Hatua ya 5: Mikoko na mchanga

Msitu mnene na mpana wa mikoko hupunguza nguvu ya maji na kukamata mbao, mitumbwi na mabati yanayoelea. Mawimbi makubwa kweli huuvuka. Pandeni kwa kujua hivyo, na msimwahidi mtu kwamba mikoko itamlinda nyumbani kwake.

Kati ya aina za mikoko, mlilana hukaa mbele kabisa kwenye maji, mkoko wenyewe hufuata, mkandaa ndani zaidi, na mchu huvumilia chumvi ya juu ukingoni. Kupanda mkoko kwenye mchanga wa wazi au juu ya majani ya bahari ni kupoteza miche, na picha za upandaji wa namna hiyo ni nyingi kuliko miti iliyopona. Hori la Tudor na Port Reitz mikoko imekatwa, imemwagiwa maji machafu, na upande wa Mwache ilizikwa na tope la mvua za El Niño za 1997 na 1998. Mara nyingi mti hurudi wenyewe pale mfereji wa maji ulioziba unapofunguliwa. Mikoko iko chini ya Shirika la Misitu, basi jisajilini kama chama cha misitu cha jamii kabla ya kugusa.

Upande wa bahari kuu, matuta ya mchanga na mivinje iachwe. Kuchota mchanga wa ufuoni kupigwe marufuku kwenye mpango, kwa jina.

Hatua ya 6: Vinavyoelea na vinavyolipuka

Kontena tupu huelea. Kando ya hori za Changamwe na Jomvu kuna viwanja vya kuhifadhia kontena, na maji yakipanda kila moja litakuwa kigongo cha tani mbili au zaidi kinachokwenda kwenye nyumba za watu. Takeni kiwanja kipya cha kontena, magari au mbao kiwekwe juu ya mstari, au kizungushiwe uzio wa nguzo za chuma upande wa makazi. Matangi ya mafuta vivyo hivyo.

Hatua ya 7: Ingizeni mpango kwenye sheria

Mpango unaobaki kwenye manila hauwezi kumzuia mtu kujenga. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inaipa kaunti kazi ya kuandaa mipango ya kaunti nzima na ya maeneo madogo. Pelekeni ramani na masharti yenu kwa mkurugenzi wa mipango wa kaunti, nakala kwa mwakilishi wa wadi, na muombe viingizwe kwenye mpango wa eneo lenu. Rasimu ikitangazwa, toeni maoni kwa maandishi ndani ya siku zilizotajwa, na mdai muhuri wa kupokelewa. Uamuzi wa kaunti msioridhika nao una kamati ya rufaa chini ya sheria hiyo hiyo.

Fedha ziko kwenye mlango mwingine. Mpango wa maendeleo wa kaunti wa miaka 5 na bajeti ya kila mwaka hupitia vikao vya maoni ya umma. Huko ombeni vitu vidogo vyenye bei: taa za njia fulani, ngazi za zege, ununuzi wa njia ya mita 3. Na kila mradi mkubwa ufuoni hupaswa kufanyiwa tathmini ya mazingira na kupata leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Someni ripoti hiyo, tafuteni neno tsunami, na kama halimo liulizeni kwa barua.

Hatua ya 8: Habari ifike, watu wapande

Tangu 2011 vituo vya Australia, India na Indonesia hutuma taarifa za tsunami kwa nchi za Bahari ya Hindi, na kwetu hupokewa na Idara ya Hali ya Hewa. Kutoka hapo hadi kitandani mwa mtu wa Mtongwe saa nane za usiku, spika ya msikiti inafika kuliko simu. Kubalianeni na imamu maneno mafupi ya kutangaza, na namba tatu ambazo chifu atazipigia.

Wafundisheni watoto tofauti ya maji kupwa na maji kukimbia. Kwetu bahari hutoka mbali kila siku, watu wakatembea hadi mwambani, hivyo ushauri wa vitabu kwamba "ukiona maji yanarudi nyuma kimbia" hautoshi. Kupwa huchukua kama saa 6 na kila mvuvi anajua saa yake. Maji yakiondoka kwa dakika chache, au yakitoka saa ambayo yangepaswa kujaa, hiyo ni tsunami: acheni pweza, ndoo na wavu, pandeni. Mawimbi huja mengi, huachana kwa dakika 10 hadi saa nzima, na la kwanza mara nyingi si kubwa kuliko yote. Asishuke mtu kuokota samaki wala kuangalia chombo mpaka itangazwe. Nahodha aliye nje ya mwamba abaki nje, asogee kwenye kina cha mita 100 na zaidi, asikimbilie mlangoni mwa hori.

Zoezi lifanyike tarehe 5 Novemba, siku ya dunia ya tsunami, na mara moja kwa mwaka lirudiwe usiku. Siku hiyo hiyo pakeni upya alama za rangi, jaribuni kila komeo, na muandike upya orodha ya wanaolala, maana wapangaji hubadilika. Nakala moja ikae kwa imamu, moja kwa mwalimu mkuu, moja kwenye banda la samaki, na jina la mlinzi wa zamu lipigwe rangi kwenye kila lango.